Inchi nne ni za Dodoma, tatu na nusu ni za tundu

Swali: “Shikamoo mhandisi. Nimeunda ndege ndogo ya viti viwili. Injini ni ya gari, silinda nne, nimeifunga turbo mwenyewe, haina intakula (kipoza-hewa kinachotoka kwenye turbo). Bado haijaruka. Nilipokuwa Tanga niliiwasha chini mara nyingi, na nikisukuma throtoli mpaka mwisho geji ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ilikuwa inafika inchi 38 za zebaki. Miezi miwili iliyopita nimehamishiwa Dodoma kikazi, nikatoa mabawa, nikaipakia kwenye lori na kuifunga upya bandani kwangu Nzuguni. Sasa haivuki inchi 30 na nusu, na mizunguko imepungua kama 200. Halafu injini ikiwa imezimwa geji inasimama kwenye 26, wakati Tanga ilikuwa inasimama kwenye 30, kwa hiyo nahisi geji nayo imeharibika. Nikipandisha moto, yaani nikiongeza throtoli, nasikia mluzi mwembamba. Fundi mmoja anayetengeneza turbo za malori ameniambia turbo imechoka ninunue nyingine, au kama sina hela akaze fimbo ya westigeti, ule mlango wa kupunguzia turbo moshi, mizunguko mitatu presha irudi. Nilitaka safari ya kwanza iwe ya kwenda Singida. Nifanyeje?”

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ndani yake yamo maswali mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja: kuna kilichopungua kwa sababu umehama, na kuna kilichopungua kwa sababu kuna kitu kibovu. Fundi wako ameviona vyote kuwa kimoja. Ukimfuata utalipa hela ya turbo kwa kosa la mlima, au utaibana injini ili ifiche tundu.

Tuanze na geji unayoisingizia. Hiyo ndiyo nzima kuliko vyote bandani mwako. Geji ya manifoldi haianzi kwenye sifuri kama ile ya tairi. Inapima presha yote iliyomo ndani ya bomba, pamoja na uzito wa hewa tunayoivuta sisi sote. Injini ikizimwa, ndani ya manifoldi na nje ya dirisha ni hewa ile ile, kwa hiyo geji inakusomea hewa ya mahali ulipo. Tanga iko usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni karibu inchi 30 za zebaki. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko juu ya bahari kwa mita 1,119 hivi, na hewa ya mwinuko huo ni inchi 26 na kidogo. Geji yako inasema kweli kabisa. Umeshuhudia jambo hili kwenye basi: kunywa maji Dodoma, ifunge chupa tupu kwa nguvu, ukifika Chalinze utaikuta imebonyea kana kwamba mtu ameikalia. Hakuna aliyeikalia, ni hewa nzito ya chini.

Ila angalia mtego mmoja. Ukienda uwanjani kuulizia presha ya siku hiyo ili uhakiki geji, watakupa namba ya QNH, ambayo imeshasahihishwa iwe kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari. Itakuwa kwenye elfu moja na kumi na kitu za hektopaskali, yaani inchi 30, nawe utarudi nyumbani ukiamini geji imekufa. Unayoitaka ni QFE, presha halisi ya pale chini.

Sasa hesabu. Tanga ulipata 38. Toa 30 za hewa ya nje, zinabaki 8. Hizo 8 ndizo kazi ya turbo. Zilizobaki unapewa bure na Mungu. Dodoma anza na 26, ongeza zile 8, utapata 34. Hiyo ndiyo namba ambayo turbo yako nzima, ikiwa haina hitilafu yoyote, ingekuonyesha hapa. Umeona 30 na nusu. Kwa hiyo katika inchi saba na nusu zilizopotea, 4 zimechukuliwa na mlima na hazirudi kwa spana, na 3 na nusu zimechukuliwa na kitu kinachotafutika. Tusiichukue 38 tena kama shabaha. Tunatafuta 34.

Huenda utauliza: kwani kazi ya turbo si ndiyo hiyo, kufidia hewa nyembamba? Ndiyo, lakini inategemea nani anayeiamuru. Turbo yako ni ya gari, na westigeti yake inaendeshwa na kile kikopo cha bati chenye fimbo. Ndani ya kikopo mna dayaframu, yaani utando unaonyumbuka. Upande mmoja kuna springi, na upande huo uko wazi kwa hewa ya nje. Upande wa pili unakuja mpira mwembamba kutoka kwenye kompresa, ule upande wa turbo unaobana hewa. Presha ya kompresa ikiishinda springi, fimbo inasogea, mlango unafunguka, na moshi unapita pembeni badala ya kusukuma tabaini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi. Springi haijui kama uko Tanga au Dodoma. Inachojua ni tofauti kati ya ndani na nje, na imekatwa kwa tofauti ya inchi 8, karibu robo ya bar. Popote utakapoipeleka itafungua mlango kwenye tofauti hiyo. Injini za ndege zilizoundwa na turbo tangu kiwandani zina akili zaidi. Rotax 914, kwa mfano, ina kompyuta inayosoma presha halisi na kuivuta westigeti kwa mota ndogo na waya, kwa hiyo kadiri ndege inavyopanda yenyewe inazidi kuufunga mlango. Yako haina huyo msimamizi.

Hapo ndipo ushauri wa kukaza fimbo unaponitia wasiwasi, na nitaueleza kwa hesabu ili usidhani ni woga wa uzee. Tuseme umeziba uvujaji, kisha umekaza fimbo mpaka geji ikasoma 38 hapa Nzuguni. Umeilazimisha turbo itoe tofauti ya inchi 12 badala ya 8. Sasa irudishe ndege pwani: 30 jumlisha 12 ni 42. Injini uliyoijaribu kwa 38 umeipa 42, na hakuna taa itakayokuonya. Hata ukibaki Dodoma usishuke kamwe, bado kuna joto. Kubana hewa ni kuipasha. Kwa makadirio yangu, kupandisha kutoka 30 hadi 38 siku yenye nyuzijoto 30 kunaitoa hewa kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 60 na kitu. Kupandisha kutoka 26 hadi 38 kunaitoa ikiwa na 85 hivi, nawe huna intakula ya kuipoza. Hewa ya moto hivyo ikikutana na petroli ndani ya silinda, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mafundi wanasema injini inagonga. Kwenye gari utaisikia, utaachia pedali. Kwenye ndege, propela na upepo vimejaa masikioni, hutasikia chochote mpaka pistoni itoboke.

Na ukikaza fimbo bila kuziba tundu, turbo itazunguka kwa kasi zaidi ili ijaze bomba linalovuja. Shafti ya turbo ndogo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika ikiwa kazini. Si kitu cha kukiongezea mwendo kwa kubahatisha. Zaidi ya hapo, siku tundu litakapozibwa na mwingine asiyejua ulichofanya, presha yote iliyokuwa inapotea itaingia kwenye injini kwa mpigo.

Haya, tutafute hizo tatu na nusu. Na tuanzie kwenye lori.

Injini iliyokuwa inafanya kazi Tanga, ikapanda lori kupitia Chalinze na Morogoro, ikapigwa upepo wa Gairo, halafu ikafungwa upya na mtu aliyechoka, mara nyingi ina ugonjwa wa kufungwa upya. Kwanza, mwambie mtu akae kwenye kiti asukume throtoli mpaka mwisho, wewe ukiwa umefungua boneti unaangalia kipepeo chenyewe, lile bamba linalofungua njia ya hewa. Je, kinafunguka chote? Waya uliolegea milimita chache unakuacha na kipepeo kilichoinama, na geji inayosoma nyuma ya kipepeo itapungua. Jaribio hili ni la bure, na nimeona watu wakiliruka kwa kuwa linaonekana la kitoto.

Kisha fuata mluzi wako. Mluzi mwembamba unaopanda pamoja na moto mara nyingi ni hewa iliyobanwa inayotoka kwenye upenyo, kati ya kompresa na silinda. Viungo vya mpira ndivyo washukiwa wakuu: hozi iliyokaa upande, klempu iliyoegemea ukingo wa bomba, au utando wa oili ndani ya hozi unaofanya iteleze presha ikiingia na kurudi mahali pake ukizima. Hii ya mwisho inawatesa sana watu, kwa sababu ukikagua injini imezimwa huoni kitu. Zifungue zote, futa oili kwa kitambaa chenye spiriti, angalia kama bomba lina ukingo ulioinuka wa kuishika hozi, kisha funga.

Ukimaliza, pima uvujaji kwa presha injini ikiwa baridi na imezimwa. Toa filta ya hewa, ziba mdomo wa kompresa kwa kizibo ulichokitengeneza, kiwekee valvu ya tairi, kisha ingiza hewa polepole kupitia regeleta, kifaa cha kupunguza presha. Usipite presha ambayo turbo yenyewe hutoa, yaani hiyo robo ya bar. Kompresa ya kujazia matairi inabeba bar 8, na bila regeleta itarusha kizibo usoni mwako. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kwenye gasketi za manifoldi, kwenye mpira wa geji na kwenye mpira wa kikopo cha westigeti. Povu likichemka, umempata. Hewa kidogo itasikika ikipita kwenye valvu za silinda zilizo wazi na kuingia kwenye sampu au ekzosi. Hiyo isikusumbue. Kama kompyuta ya injini yako hupima hewa kabla ya turbo, angalia pia moshi mweusi, kwa sababu inamwaga petroli ya hewa ambayo imeshapotea njiani.

Upande wa pili ni moshi, na upande huu nitaukalia zaidi, kwa kuwa ndio unaoua.

Turbo hula kile ambacho injini inatema. Tabaini inasukumwa na moshi wa moto wenye presha, na kila tundu lililo kati ya kichwa cha silinda na tabaini linaipunguzia chakula. Kwenye manifoldi uliyochomelea mwenyewe, nyufa hupenda kukaa pembeni mwa weldi, hasa pale ambapo uzito wa turbo unaning’inia bila kushikiliwa. Na hebu fikiria injini iliyofungwa kwenye ndege, turbo ikining’inia, inatikiswa kilomita mia kadhaa juu ya lori. Umeishikilia turbo kwa bano lake wakati wa safari? Hukusema, nami nina hofu hukuishikilia.

Tafuta alama kwanza. Moshi unaovuja huacha mstari wa masizi, au vumbi la kijivujivu kwenye chuma kilicho jirani. Ukiwasha injini baridi asubuhi unaweza kusikia mdundo wa tik-tik unaofifia chuma kinapopanuka, na watu wengi huuchukua kuwa ni wa valvu. Kisha fanya jaribio ambalo mafundi wa ndege hulifanya kila ukaguzi mkubwa: injini ikiwa baridi, chukua mashine ya kufyonza vumbi, unganisha hozi upande unaopuliza, iingize kwenye mdomo wa ekzosi na kuzungushia kitambaa, puliza, na upake povu la sabuni kuanzia kichwa cha silinda hadi kwenye turbo. Viungo vya kuteleza vinaruhusiwa kutoa povu kidogo. Ufa hauruhusiwi kutoa hata tone.

Ukikuta ufa, kazi yako inaishia hapo kwa siku hiyo. Moshi unaokwenda kwenye tabaini una joto la nyuzi 800 na zaidi, na aluminiamu inayeyuka kwenye 660. Mshale wa moshi huo ukielekea kwenye fremu ya injini, kwenye mpira wa petroli au kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu yako, hutapata dakika za kufikiri. Na hata usipounguza kitu, kuna gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, inayoingia kabini kupitia tundu la waya na kumlaza rubani kwa upole. Nunua kipima-kaboni-monoksaidi chenye kengele, ukiweke kabini. Weldi ya ekzosi ya turbo si ya mtu anayechomelea mageti. Inataka waya unaofanana na chuma chenyewe, gesi ya kinga hata upande wa ndani wa bomba, na jicho la mtu aliyezoea.

Westigeti inafuata. Ona kama mlango unafunga kabisa: toa fimbo kwenye kikopo, usukume kwa kidole, sikiliza kama unagota vizuri. Masizi au ukingo uliopinda huuacha wazi kwa upana wa kucha, na upana wa kucha unatosha. Hapa kuna imani moja nataka kuirekebisha, kwa kuwa hata fundi wako huenda anayo. Watu husema mpira wa kikopo ukipasuka presha inashuka. Kwa turbo kama yako ni kinyume. Mpira ukipasuka, kikopo hakipati habari, springi inaendelea kuufunga mlango, na presha inapanda kupita kiasi. Uvujaji mdogo wa mpira wenyewe unaweza kuchangia kidogo tu. Wanaosema presha inashuka pengine wamefanya kazi kwenye ndege za zamani zenye westigeti ya oili, ambapo springi hufungua na oili hufunga. Huko hitilafu huleta upungufu kweli. Kwa hiyo mtu akikupa ushauri wa westigeti, muulize kwanza amezoea ya aina gani.

Filta ya hewa sitaikalia sana, ingawa vumbi la Nzuguni wakati wa kiangazi halina huruma. Ukitaka kupima badala ya kukisia, chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, upinde kama herufi U, weka maji yenye rangi, na uunganishe upande mmoja kati ya filta na kompresa. Pandisha moto, soma tofauti ya maji kati ya pande mbili. Sentimita chache ni kawaida. Ikikaribia 35, umeshapoteza inchi nzima ya zebaki kabla hewa haijafika kwenye turbo. Usijaribu kwa kuitoa filta na kuunguruma uwanjani kwenye vumbi. Mchanga hula ncha za feni ya kompresa kama mchwa, na hapo ndipo turbo huchoka kweli.

Na kuhusu turbo yenyewe: nimeiacha ya mwisho kwa makusudi. Injini ikiwa baridi, toa hozi ya kompresa, zungusha shafti kwa kidole. Inatakiwa izunguke laini bila kukwaruza. Isukume juu na chini, kisha ndani na nje. Mchezo mdogo sana wa juu na chini ni wa kawaida kwa turbo za beringi za oili, lakini feni ikigusa ukuta, au ukikuta imekwaruza ukuta, au kuna oili imetuama kwenye hozi, basi fundi wako alisema kweli na turbo iende kwa mtaalamu ikapimwe mizani. Kama iko safi, hujatumia hela bure. Kidokezo cha pembeni: kila ukimaliza jaribio, iache injini iungurume polepole dakika tatu au nne kabla ya kuizima, oili isikaangwe ndani ya beringi.

Niliwahi kuibadilisha turbo nzima ya mteja, miaka mingi nyuma, kabla sijajifunza kuiacha ya mwisho. Presha ilikuwa inapanda kwa uvivu, nikaihukumu turbo. Turbo mpya ikafungwa, uvivu ukabaki pale pale. Siku ya tatu nikatoa mpira wa geji ya manifoldi, nikapuliza, likaruka donge la udongo. Dondora alikuwa amejenga nyumba yake ndani. Injini ilikuwa na presha yake yote siku zote, geji ndiyo iliyokuwa inachelewa kupata habari. Ndege yako imekaa bandani miezi miwili, kwa hiyo puliza kila mpira na kila kijibomba, na bomba la kupimia mwendo kwenye bawa usilisahau.

Jambo la mwisho la kutafuta ni injini yenyewe. Ile mizunguko 200 iliyopungua inaweza kuwa matokeo ya presha ndogo, lakini inaweza pia kuwa chanzo. Silinda moja isipochoma vizuri, moshi unapungua, tabaini inalegea, presha inashuka, na mzunguko unajilisha wenyewe. Pima komprasheni (mbano wa kila silinda) na plagi kabla hujaanza kufungua mambo makubwa.

Majaribio yote ya kuwasha yafanyike ndege ikiwa imefungwa mkia kwenye kitu kisichong’oka, vigingi kwenye magurudumu yote, kizima moto karibu, na mtu mmoja anayesimama mahali unapomwona, nyuma ya mstari wa propela. Watoto wa jirani wasikaribie. Najua Nzuguni, ukiwasha tu wanajaa.

Tuseme umeipata 34 yako. Je, utosheke nayo? Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kukubali 34 na kuruka na nguvu zilizopungua kama moja ya kumi. Kwangu mimi, kwa ndege mpya na rubani anayeizoea, hiyo ndiyo njia nzuri, kwa sababu injini isiyobanwa ndiyo inayorudi nyumbani. Unaweza kufunga kidhibiti kinachosoma presha halisi, ili upate 38 popote bila kuzidi pwani, lakini hapo lazima uongeze intakula na upime upya joto la moshi na mchanganyiko wa petroli, kazi ya miezi. Au unaweza kubadilisha springi, ambayo ni ile ile habari ya kukaza fimbo ikiwa imevaa suti. Hiyo siipendi.

Hata hivyo, turbo huipa injini hewa tu, mabawa haiyagawii. Saa nane mchana mwezi wa Novemba, joto likiwa nyuzi 32, hewa ya Dodoma ni nyembamba kama ya futi 6,600 hivi, siyo zile futi 3,670 za uwanja. Mabawa yatahitaji mwendo halisi wa karibu asilimia 10 zaidi ya ule wa pwani kabla ya kubeba, na mbio za kuruka zitarefuka kwa robo hivi hata kama injini ingekuwa na nguvu zake zote. Ukiondoka saa moja asubuhi kukiwa na nyuzi 18, hewa inakuwa kama ya futi 4,900. Singida iko juu zaidi ya Dodoma, kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo kule geji ikizimwa itasoma kama 25 na ushee, nawe usishtuke tena.

Lakini safari ya kwanza isiwe ya Singida. Ndege ambayo haijawahi kuruka inaruka juu ya uwanja ilikotoka, ikizunguka mahali inapoweza kurudi, na hairuki kabla wakaguzi wa TCAA, Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga, hawajaiona na kukupa kibali. Usiwaogope. Wapelekee daftari lako la vipimo, hata lenye makosa. Na mtafute mhandisi wa ndege mwenye leseni aje bandani kwako kabla ya kuwasha tena, ukikuta lolote kati ya haya: ufa popote kwenye ekzosi, shafti inayogusa ukuta, oili iliyotuama ndani ya hozi ya hewa, au kama fundi ameshakaza ile fimbo na injini ikaunguruma hivyo hata mara moja. Kama ameshakaza, hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana kwenye fimbo, piga picha, kisha irudishe ilipokuwa Tanga. Rangi ya zamani au kutu vitakuonyesha nati ilikuwa wapi.

Ukishamaliza kupima, niandikie namba nne: geji injini ikiwa imezimwa, geji throtoli ikiwa mwisho, mizunguko ya wakati huo huo, na sentimita za maji kwenye ule mpira wa U. Andika na saa uliyopimia na joto la siku. Kwa hizo nitaweza kukuambia kama tundu limezibwa au bado lipo.